Kumfanya mtu kuwa mungu, Kiswahili chake ni neno gani? Nimekwama, wakuu

KALAMU BUTU (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kutafsiri yale maneno yanayopita chini ya filamu za makala, za historia na za wanyama. Juzi nimepewa moja ya Roma ya kale na leo ni siku ya tatu nimekwama kwenye neno moja. Wagiriki wanalo: apotheosis. Ndani yake mna theos, yaani mungu. Ni kile kitendo cha kumtoa mtu kwenye ubinadamu, kumweka kwenye orodha ya miungu, na kuanzia hapo anajengewa hekalu na kutolewa sadaka.

Kwenye filamu iko hivi. Julius Caesar anauawa Machi 15 mwaka 44 kabla ya Kristo. Julai hiyohiyo, watu wako kwenye michezo ya kumkumbuka, nyota yenye mkia inatokea angani. Wakasema hiyo ndiyo roho yake. Mwaka 42 Seneti, baraza la wakubwa wa Roma, inakaa na kupitisha kwamba marehemu sasa ni mungu. Kwa azimio, wakuu! Kama vile bajeti. Kijana aliyemrithi, Octavian, ambaye Caesar alimfanya mwanawe kwenye wosia, akajipa na yeye jina la mwana wa mungu. Nani angembishia?

Nafasi yangu kwenye skrini ni herufi 42 kwa mstari. Nikaandika "kumwabudu", nikafuta, maana kuabudu kunakuja baadaye, kwanza lazima awe amekwisha kuwa mungu. Nikaandika "mungu mtu", nikafuta tena. Nawaambia kwa nini. Jana nilikuwa kwenye benchi la ofisi moja nafuatilia karatasi. Karani simu iko sikioni dakika ishirini nzima, anacheka nayo, huku mkono mwingine unatupungia tusubiri, hata kututazama hatutazami. Mzee wa pembeni yangu kofia kaishika magotini, akasema taratibu, "Hawa watoto wamekuwa miungu watu." Benchi zima tukaguna.

Nikasema ahaa. "Mungu mtu" letu ni tusi. Linamshika aliyejipandisha mwenyewe. La Wagiriki halimtukani mtu, tena wa Roma wengi walipandishwa wakiwa wameshakufa. Sasa neno la wale wanaompandisha mwenzao ni lipi? Na hili "mungu mtu" tulilitoa wapi?

Nawasilisha.

SITI YA DIRISHANI

Andika "wakampandisha cheo" tukalale.

MZEE WA BARAZANI

Waalaykum salaam, mwanangu. Neno unalo, na leo asubuhi pengine umelisikia redioni. Limekupotea kwa sababu limehama nyumba. Neno ni ushirikina.

Usicheke. Ushirikina si hirizi. Asili yake ni Kiarabu, mzizi sh-r-k, kuwa na fungu katika jambo. Shirki ni kumwekea Mwenyezi Mungu mshirika: unachukua kilicho chake peke yake ukamgawia kiumbe. Awe sanamu, awe nyota, awe binadamu mwenye pua na masikio. Afanyaye hivyo kwa Kiarabu ni mushrik, na wakiwa wengi, katika baadhi ya nafasi za sarufi, ni mushrikina. Sisi tukalibeba lile la wengi tukalivika mtu mmoja: mshirikina. Halafu hatukutosheka, tukaongeza wa- mbele, washirikina, wingi umepanda juu ya wingi. Ni kama malaika. Wewe unasema malaika mmoja, lakini kwa Kiarabu malaika ni wengi, mmoja wao ni malak.

Sasa lilivyohama. Wazee walimwona mtu kafunga hirizi kiunoni, kuku mweusi mkononi, anaelekea pangoni, wakasema huyo anafanya ushirikina, kwa maana anamwomba asiyekuwa Mungu. Walisema kweli. Lakini wajukuu wakashika hirizi wakaiacha hoja. Leo timu ikimwaga maji mbele ya goli, huo ni ushirikina. Mtu akimtetemekea mwenye mali mpaka anaona riziki yake na uhai wake vimo mkononi mwa yule, hakuna anayesema kitu. Na hapo ndipo penyewe hasa.

Firauni alijipa mwenyewe. Katika Surat An-Naziat anawaambia watu wake kwamba yeye ndiye mola wao mkuu. Huyo ndiye mungu mtu wa benchi lako. Lakini soma na aya ya 31 ya Surat At-Tawba. Inawasema watu waliowafanya wanavyuoni wao na watawa wao kuwa mola. Hapo lawama haiko kwa waliofanywa. Iko kwa waliofanya. Ulikuwa unalitafuta neno la hao, si ndiyo?

KALAMU BUTU

Shikamoo mzee wangu. Kwa hiyo shirika, hili la reli na la umeme, na ushirikina ni tumbo moja?

MZEE WA BARAZANI

Marahaba. Tumbo moja. Shirika, ushirika, mshiriki, ushirikiano. Mmoja tu ndiye aliyepata jina baya.

SITI YA DIRISHANI

Basi bongo fleva yote imekwisha. Kila wimbo fulani kamshirikisha fulani.

MZEE WA BARAZANI

Kushirikisha si kosa, mwanangu. Tazama unamshirikisha na nani.

MWALIMU MSTAAFU

Amani kwenu nyote. Niongeze kutoka upande wa pili wa ukuta. Mzizi huohuo kwetu kanisani ni baraka. Ibada ikiisha mchungaji ananyanyua mikono na kutuaga kwa 2 Wakorintho 13:14, "na ushirika wa Roho Mtakatifu ukae nanyi nyote". Meza ya Bwana nayo tunaishiriki. Yaani neno lilivuka barabara likawa neema, na upande uliobaki ni dhambi kubwa kuliko zote. Nimefundisha Kiswahili miaka 31 na hili sikuliona mpaka leo, tena kwenye simu ya mjukuu wangu.

Kuhusu wanaopandisha wenzao, mleta mada, fungua Matendo ya Mitume sura ya 14. Paulo kamponya kiwete pale Listra. Makutano wanapaza sauti kwa Kilikaonia, "Miungu wametushukia kwa mfano wa wanadamu." Barnaba wakamwita Zeu, na Paulo wakamwita Herme kwa kuwa yeye ndiye mnenaji. Kuhani wa Zeu haulizi mara mbili, analeta ng'ombe na mashada ya maua. Mitume wanararua nguo zao na kurukia katikati ya watu, wakisema sisi ni wanadamu kama ninyi. Sura mbili nyuma, Herode anahutubia kavaa mavazi ya kifalme, watu wanampigia kelele kwamba hiyo ni sauti ya Mungu. Yeye hakurarua hata kifungo. Akaliwa na chango.

Wote walipandishwa na umati. Mmoja alikubali kukaa huko juu.

NGELI MBOVU

Mwalimu, hapo kwenye "miungu wametushukia" umenigusa panapowasha.

Tazameni umbo. Mungu, miungu. Hiyo ni m-/mi-, chumba kimoja na mti na miti, mlima na milima. Wapo wanaosema waungu, lakini lililozoeleka ni miungu. Sasa kwa upatanisho tunasema Mungu ameumba, Mungu ni mwema, miungu wametushukia. Kwa umbo anakaa na miti, kwa upatanisho anakaa na watu. Hiyo si bahati mbaya. Neno ni la zamani sana na ndugu zake wako pwani na bara: Wagiriama, Wagogo, Wayao, Wanyanja, wote wana Mulungu au jina linalokaribiana nalo. Sisi tulidondosha l katikati ya irabu kama tulivyofanya kwa njala ikawa njaa, na kala ikawa kaa. Mulungu, Muungu, Mungu. Edward Steere alipochapisha kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870 bado aliandika Muungu, kwa u mbili.

Kwa hiyo yule mzee wa benchi aliposema "miungu watu" aligonganisha vyumba viwili ambavyo lugha ilikuwa imevitenga, mi- ya milima na wa- ya watu, na ndiyo maana linauma masikioni. Muundo wenyewe ni wa kawaida, nomino mbili zimefuatana: bata mzinga, askari kanzu, mungu mtu. Wanateolojia wa Kikristo wanaandika Mungu-mtu kwa herufi kubwa wakimaanisha Kristo, na hapo ni sifa. Kwa herufi ndogo ni karani wako.

Kitenzi hakipo. Ukijaribu kukitoa kwenye mzizi unapata kuunga, na hiyo tayari ina kazi zake, mbao na mchuzi wa nazi.

WA KANGEMI JUU

Niko Nairobi, mnisamehe Kiswahili changu. Sisi tuliokua miaka ya themanini hatuhitaji Roma. Taarifa ya habari ilikuwa inafungua na "Mtukufu Rais", kila siku, hata dunia ipasuke wapi. Mtukufu Rais amehudhuria ibada, Mtukufu Rais amepanda mti. Baba yangu alikuwa anasubiri habari za bei ya kahawa, anaketi na kikombe chake, na anajua lazima kwanza mti upandwe.

Sasa jiulizeni, utukufu ni wa nani? Kwa Baba Yetu tunasema "kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu". Hakuna bunge lililopitisha azimio. Ni kivumishi tu kilitoka kanisani kikahamia redio, polepole, na hakuna mtu alisema ng'we.

SITI YA DIRISHANI

Huku kwetu tulianza na "ndugu" kwa kila mtu, sasa hivi hata katibu wa kikundi cha kuzikana anataka aitwe mheshimiwa.

BINTI WA ZIWANI

Jamani mnazunguka Roma na Uarabuni, kwetu Kagera haya mambo yamelala ndani.

Bibi yangu alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, rozari shingoni, na mjomba wangu mmoja ni padri. Lakini ziwa likichafuka, mawimbi yanagonga mawe usiku kucha, bibi hakusema upepo. Alisema Mugasha, mungu wa ziwa, ameamka. Anasema huku anaendelea kumenya ndizi, wala hashtuki, kama anayekwambia jirani amerudi safari.

Juu ya miungu wote wa kwetu alikuwepo Wamara. Sasa Wamara katika masimulizi alikuwa mfalme, wa mwisho wa Wachwezi, ukoo wa wafalme waliotawala nchi ya kale ya Kitara, baada ya Ndahura na Mulindwa. Walikuwa watu. Walikuwa na ng'ombe, wake, na magomvi. Halafu wakatoweka. Hatusemi walikufa, tunasema walitoweka. Kisha wakaanza kurudi kupitia vichwa vya watu, na huko ndiko kubandwa. Rwanda wana Ryangombe, Burundi wanamwita Kiranga, mambo ni yaleyale.

Kwa hiyo mleta mada, hilo neno lako "kumpandisha" liangalie vizuri. Kiswahili tunasema mtu amepandisha, yaani amepandwa na pepo. Roma watu walimpandisha mfalme. Kwetu mfalme ndiye aliyewapanda watu.

KALAMU BUTU

Dada, hiyo sentensi ya mwisho nimeiandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani.

MIZIGO YA KAMPALA

Jirani ya hapo Buganda wanaye Kibuuka, mungu wa vita, ndugu yake Mukasa wa ziwani. Jina limetoka kwenye kubuuka, kuruka. Wanasimulia alikuwa mpiganaji aliyeruka akajificha ndani ya wingu, akawamiminia Wanyoro mishale kutoka juu. Kilichomponza ni mateka, mwanamke wa Kinyoro, aliyetoboa siri kwamba jamaa yuko winguni. Wakalenga wingu. Nilipita makumbusho ya pale Kampala siku mzigo wangu umekwama: masalio yake wamekuwa nayo, likiwemo taya. Yalichukuliwa na mmishonari Roscoe yakakaa Cambridge mpaka yaliporudishwa mwaka 1962. Nilikaa namfikiria sana. Mungu, halafu anarudishwa kwa forodha kama mimi na vitenge vyangu.

MPIGA NGOMA

Mmemsahau Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia. Yeye alikuwa Mkristo wa Orthodoksi, kanisani kwake hakuna aliyemwita mungu. Waliompandisha walikuwa Jamaica, bahari nzima katikati, baada ya kutawazwa kwake Novemba 2, 1930. Alipotua Kingston Aprili 21, 1966 umati ulivunja uzio ukaizunguka ndege, na kwa muda hakushuka. Fikiria uko mlangoni mwa ndege, na chini wanakusubiri watu walioamua miaka mingi wewe ni nani.

Na Wajapani wana neno lao, arahitogami, mungu aliye mtu, ni "mungu mtu" wetu kabisa ila lao lilikuwa la heshima. Januari 1, 1946, baada ya kushindwa vita, mfalme wao Hirohito akatoa tamko la kukanusha kwamba yeye ni mungu. Roma wanapandishwa kwa azimio, Japani wanashuka kwa tamko.

MZEE WA BARAZANI

Kuna na wale wanaopandisha kwa ulimi tu, hawana hekalu wala ng'ombe. Hao pwani tunasema wamemvika mtu kilemba cha ukoka. Asubuhi kibichi, unang'aa nacho. Adhuhuri jua limekikausha, na wewe bado unatembea kichwa juu.

MWALIMU MSTAAFU

Turudi kwenye swali, kijana ana kazi ya watu. Andika: "Seneti ilimtawaza kuwa mungu." Kutawaza tunatumia kwa wafalme na maaskofu, lina heshima na lina mtendaji.

SITI YA DIRISHANI

Mwalimu, heshima yako, lakini huku Dar kutawaza ni kopo la maji na mlango wa choo. "Mama mtoto kamaliza, njoo umtawaze." Seneti nzima imtawaze Caesar?

NGELI MBOVU

Anasema kweli, kamusi nazo zina maana zote mbili.

KALAMU BUTU

Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Lakini Siti, hujui ulichokigusa. Kwenye filamu hiihii yumo mfalme Vespasian, aliyekufa mwaka 79 baada ya Kristo. Suetonius, mwandishi wa Roma ya kale, ameandika kwamba alipoanza kuugua alitania, "Ole wangu, nadhani nakuwa mungu." Alijua utaratibu, akifa tu Seneti itakaa. Na ugonjwa uliommaliza, naomba radhi kwa wanaokula, ulikuwa tumbo la kuendesha. Kwa huyu mmoja kutawaza kungefaa kotekote.

Na kuna lingine la Augustus, ndiye yule Octavian alipokuwa mfalme, alipokufa mwaka 14 baada ya Kristo. Kuna mtu, Numerius Atticus, aliapa kwamba alimwona marehemu anapaa mbinguni. Mwanahistoria Cassius Dio anasema Livia, mjane wa Augustus, alimlipa shahidi huyo sestersi 1,000,000, fedha za Roma. Mzee, hicho kilemba sidhani kama kilikuwa cha ukoka.

BINTI WA ZIWANI

Bibi yangu angeapa bure.

KALAMU BUTU

Basi nimeamua. Nimeandika: "Seneti ikampa Caesar uungu." Alama 27 pamoja na nukta, inakaa mstari mmoja na nafasi inabaki. Uungu tunao tayari, kila mtu anauelewa, na mtoaji anaonekana.

SITI YA DIRISHANI

Ikampa? Wao waliutoa wapi?

MZEE WA BARAZANI

Huyu mtoto wa dirishani kumbe anasikiliza. Hiyo ndiyo shirki, mwanangu. Kugawa cha mwenyewe bila mwenyewe.

KALAMU BUTU

Mzee, nina la mwisho kabla sijatuma. Dakika ya 38 msimulizi anafika kwa Wakristo wa Bithinia, jimbo la Roma, wakati wa mfalme Trajan. Gavana Pliny anawaweka mbele ya sanamu ya mfalme, wafukize ubani na kumimina divai, atakayefanya anaachiwa. Wapo waliokataa wakauawa. Ninataka niandike walikataa kwa sababu waliona ni ushirikina. Ndilo neno hasa, kwa yote uliyotufundisha. Lakini naogopa mtazamaji wa Mbagala atakaa anatafuta hirizi iko wapi.

MZEE WA BARAZANI

Ataitafuta. Andika hivyohivyo, mwache atafute.